Kugawa diski kuwa C, D na E kunaongeza kasi ya kompyuta kweli?

MamaSteshenari_Mbeya

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta ninayoitegemea ni deskitopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski GB 500 ya ile inayozunguka, na ndani kuna Windows 10. Diski yote ni C tupu, haijawahi kugawanywa. Huu ni mwaka wa nne niko nayo. Ilikuwa inavumilika, ila tangu mwezi uliopita imekuwa nzito mno. Leo asubuhi nimepima kwa saa ya simu: tangu kubonyeza kitufe mpaka Word ifunguke niweze kuandika, dakika 6 na sekunde 40.

Saa tatu na nusu akaja binti na flashi. Ana ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 52, na basi lake la Tunduma linaondoka saa nne. Nikafungua faili, kiduara kikaanza kuzunguka. Yeye anaangalia saa, mimi naangalia kioo. Mwisho akasema "dada acha tu," akachomoa flashi akavuka barabara kwa jirani. Kurasa 52 ni hela, sikatai, lakini kilichoniuma ni kwamba yule binti ni mteja wangu tangu yuko mwaka wa kwanza.

Fundi mmoja amepita mchana, kasema tatizo ni diski "kukaa kitu kimoja". Anataka kuigawa: C ya GB 60 kwa ajili ya Windows, D ya kazi za wateja, E ya miziki, F ya bakapu. Maelezo yake ni kwamba kompyuta itakuwa inatafuta kwenye sehemu ndogo badala ya kupekua GB 500 nzima. Anataka 20,000. Nikifikiri naona kama anasema kweli, maana ukitafuta kitu kwenye droo unakipata mapema kuliko kwenye kabati zima. Lakini moyo wangu haujatulia.

Ni kweli? Na kama si kweli, hiyo hela niiweke wapi? Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi uko mlangoni, nikiingia nao na mashine hii nimekwisha.

Kijana_wa_Ilala

Dada ni kweli kabisa. Laptopu yangu mwaka jana ilipigwa patisheni mbili, siku hiyohiyo ikawa inaruka. Mpe afanye.

FundiMkongwe

MamaSteshenari, pole kwa mteja. Hiyo 20,000 usiitoe kwanza, nisome mpaka mwisho.

Kazi hii naifanya tangu 2003, na kwa miaka isiyopungua minane nimewagawia watu diski nikiwaambia maneno hayohayo aliyokuambia huyo fundi. Nilikuwa nayaamini. Bosi aliyenifundisha naye aliyaamini, na yeye alikuwa na sababu, nitaieleza chini. Simtukani mwenzangu. Ila ushauri wenyewe kwa mashine yako haufai.

Nianze na droo na kabati. Windows haitafuti faili kwa kupekua diski. Ndani ya kila patisheni, yaani kila sehemu ya diski iliyogawanywa, kuna daftari linaloonyesha kila faili liko wapi hasa. Ukibonyeza ile ripoti ya binti, Windows inasoma daftari, inaambiwa mahali, inakwenda moja kwa moja. Diski iwe GB 60 au GB 500, hakuna anayepekua.

Kinachochelewesha ni safari. Fikiria santuri: sahani inazunguka, mkono una sindano. Ndani ya diski yako ni hivyohivyo, ila sahani za deskitopu kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, ambayo ni mara 120 kwa sekunde. Mkono ukitumwa mahali, kwanza utembee, wastani kama milisekunde 9. Ukifika, usubiri sahani ilete kile kipande chini yake, wastani milisekunde 4 na kidogo. Jumla 13. Gawanya sekunde moja kwa hizo, unapata safari kama 75 tu. Sasa Windows inapoamka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Fungua Task Manager asubuhi uangalie: diski imeandikwa 100%, lakini kasi yake ni MB 1 au 2 kwa sekunde. Watu huona hapo wakadhani ni virusi. Ni mkono unakimbia huku na huku umebeba vijiko badala ya ndoo.

Ukiigawa mara nne, mkono unabaki ule ule mmoja. Wewe una kijana mmoja wa kutoa kopi. Chora chaki kwenye kaunta uigawe sehemu nne, bado kijana ni mmoja, na sasa kila mteja wa sehemu ya nne anamtembeza zaidi. Windows ikiwa C, faili la mteja liko D, mziki unalia kutoka E, mkono unaruka kutoka ukingo mmoja wa sahani hadi mwingine siku nzima. Kabla ya kugawa vitu hivyo huenda vilikuwa jirani.

Ukitaka kuhakikisha, siku ukiwa na kompyuta iliyogawanywa yenye diski isiyo mbovu, fungua ubavu wa kasha, weka kiganja juu ya diski taratibu, kisha nakili folda la GB 10 kutoka C kwenda D. Utausikia mkono ukitetemeka chini ya vidole, tr-r-r-r, bila kupumzika, kwa sababu unasoma hapa unaandika kule. Kisha nakili folda hilohilo kwenda diski ya nje. Mtetemo unapungua mara moja na kazi inaisha mapema. Na kuna jambo watu hawalijui: ukihamisha faili kutoka folda moja kwenda jingine ndani ya C, hata liwe GB 30, inaisha papo hapo, kwa kuwa kinachobadilishwa ni mstari kwenye lile daftari. Ukihamisha kutoka C kwenda D ni kubeba mzigo wenyewe, kusoma wote na kuuandika upya wote. Kwa diski kama yako ni dakika ishirini au zaidi.

Upande wa pili nao una ukweli wake, siwezi kuuficha. Sahani ni pana ukingoni kuliko katikati, kwa hiyo mzunguko mmoja wa ukingoni una data nyingi zaidi. Kusoma faili refu ukingoni kunakaribia mara mbili ya kasi ya kusoma kule ndani kabisa. Diski huanza kujaza kutoka ukingoni, na C ndiyo hukaa hapo. Kwa hiyo ukiweka C ndogo, halafu sehemu iliyobaki usiiguse kabisa, mkono hautembei mbali na unapata kasi. Wenye seva walikuwa wanafanya hivyo kwa makusudi, wananunua diski kubwa wanatumia kipande tu. Lakini wewe unataka kuitumia D, E na F kila siku. Faida inafutika siku ya kwanza.

Ushauri huu ulitoka wapi? Zama za DOS na Windows 95 ya mwanzo, mfumo wa kupanga faili wa FAT16 haukuweza kumiliki patisheni inayozidi GB 2. Ukiwa na diski ya GB 4 ulikuwa huna budi kuigawa. Tena patisheni ya GB 2 ilikuwa inagawa nafasi kwa visanduku vya KB 32: barua ya KB 1 inameza KB 32 nzima. Ukifanya patisheni ndogo, visanduku vinakuwa vidogo, nafasi inaokolewa. Bosi wangu alijifunzia hapo. FAT32 ikaja 1996, kisha NTFS yenye visanduku vya KB 4 ikaenea, sababu ikafa. Mazoea yakabaki, nami nikayarithi.

Kijana wa Ilala, laptopu yako iliruka kweli, nakuamini. Lakini jiulize fundi alifanya nini siku hiyo. Bila shaka alifomati, akapiga Windows upya, ikaja safi bila zile programu ishirini zinazoamka pamoja nayo. Hiyo ndiyo iliyokupa kasi. Angepiga Windows upya akaiacha C moja, ungeona kasi ileile. Hapa ndipo mafundi wengi tunajidanganya, kwa sababu mambo mawili tunayafanya kwa wakati mmoja, halafu sifa tunampa asiyestahili.

Na C ya GB 60 itakuadhibu. Windows 10 yenyewe Microsoft wanaitajia GB 32 kwa uchache, kabla hujaweka Office, kabla ya masasisho. Ndani ya mwaka C itakuwa nyekundu huku D ina GB 150 za bure usizoweza kuzitumia. C ikijaa, kompyuta inazama kabisa.

Mashine iliyokuwa inavumilika kisha ikaharibika ndani ya mwezi mmoja, mimi sishuku mpangilio. Nashuku diski inaumwa. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure, ifungue, uniandikie mambo matatu: rangi ya kibandiko cha juu, namba ya mstari 05, na namba ya mstari C5. Usikubali mtu yeyote asogeze patisheni kabla hatujaona hizo namba.

MamaSteshenari_Mbeya

Fundi, shikamoo na ahsante sana. Nimefanya usiku huu baada ya kufunga. Kibandiko ni cha njano. Mstari wa 05 mwishoni pameandikwa 2C. Mstari wa C5 mwishoni pameandikwa 18. Hiyo 2C sijaielewa, ni namba gani yenye herufi?

Halafu nimekaa kimya nikasogeza sikio kwenye kasha. Kila baada ya muda kuna "tk", inanyamaza, "tk" nyingine, na wakati huohuo kila kitu kwenye kioo kinaganda, hata mshale wa mausi. Nilikuwa nadhani ni feni.

FundiMkongwe

Marahaba mama. Umeifanya vizuri kuliko wateja wangu wengi.

Programu hiyo huandika kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 huendelea na herufi A mpaka F. 2C ni 44, na 18 ni 24. Maana yake, vipande 44 vya diski vimeshakufa na diski imeshavihamishia kwenye akiba yake, na vingine 24 inashindwa kuvisoma, imeviweka kwenye foleni. Hiyo "tk" ni mkono unarudi kujaribu tena. Unasoma, unakosa, unarudi, unakosa, sekunde kadhaa kwa kipande kimoja, na Windows inasimama kusubiri. Binti wako wa Tunduma aliondokea hapo.

Sasa fikiria fundi angeanza kugawa diski hiyo. Kugawa diski yenye kazi ndani ni kuhamisha data nyingi kutoka sehemu moja kwenda nyingine, saa nzima au mbili, juu ya diski inayokufa. Na umeme ukikatika katikati, hata diski isiyo mbovu inaweza kupoteza kila kitu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. 2011 nilimgawia mpiga picha diski yake vipande vitatu. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba picha azihifadhi D na nakala aweke E, atakuwa salama. Akanisikiliza, alikuwa mtu makini. Mwaka uliofuata akaja na kompyuta mikononi, diski inagonga. C, D na E zote zilikuwa kwenye sahani zile zile, chini ya mkono ule ule, kwa hiyo zilikufa dakika moja. Harusi tatu zilikuwa humo, moja bado hajamkabidhi bwana harusi. Alikaa kwenye kigoda changu kwa muda mrefu, hakunigombeza, na mimi sikuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo sijampa mtu herufi nyingine ya diski ileile nikaiita bakapu.

Fanya hivi kesho kabla hujafungua duka. Usiipige Windows, usifomati, usiendeshe programu yoyote ya "kurekebisha" diski. Azima au nunua diski ya nje, nakili kwanza kile usichoweza kukitengeneza tena: daftari la madeni, vielelezo vya barua, kazi za wateja ambazo hazijachukuliwa, picha za familia. Miziki iwe ya mwisho. Faili likigoma, liruke, endelea na mengine, utalirudia. Ukimaliza ndipo tuzungumze hela.

Mhasibu_Arusha

Samahani nichomekee, kwa sababu nasoma hapa na mimi nina C na D. Ofisini kwetu kila kompyuta ina C ya Windows na D ya hesabu, na Windows ikiharibika fundi anafuta C tu, D inabaki kama ilivyo. Imetuokoa mara mbili. Hiyo nayo ni makosa? Na kompyuta mpya zina SSD, ile diski isiyozunguka, kule kugawa kuna athari gani?

FundiMkongwe

Mhasibu, hayo si makosa, hiyo ndiyo faida halisi ya kugawa. Ni utaratibu. Pia mtu anayetaka Windows na Linux kwenye mashine moja atahitaji patisheni tofauti. Nisichokubali ni kuuza utaratibu kwa jina la kasi. Mradi C yenu muipe nafasi ya kutosha, mimi siweki chini ya GB 120 siku hizi, na hesabu za D ziwe na nakala kwenye kitu kingine kinachokaa nje ya kompyuta hiyo.

SSD haina sahani wala mkono. Kufika kipande cha kwanza na cha mwisho ni muda uleule. Tena ile chipu inayoisimamia hutawanya data kwenye kumbukumbu zote ili zichakae sawasawa, haijali wewe umechora C na D wapi. Kwa hiyo kugawa hakuipi kasi wala hakuipunguzii. Inachochukia ni kujaa, iachie hata sehemu moja kati ya kumi ikiwa wazi. Zamani kulikuwa na tatizo la patisheni zilizotengenezwa na Windows XP, zilianzia sekta ya 63 na hazikulingana na visanduku vya ndani vya SSD, kila kuandika kukawa kazi mara mbili. Kuanzia Vista patisheni huanzia MB 1 kamili, hilo limekwisha, labda uwe umehamisha mfumo mkongwe kama ulivyo.

MamaSteshenari, hela yako ninaielekeza huko. SSD ya SATA, GB 240 au 256 inakutosha, na RAM uongeze GB 4 nyingine. Mashine yako inatumia DDR3, zipo za mtumba kwa bei rahisi. RAM ikiwa 4 tu, Windows inajazia upungufu kwa kuandika kwenye diski, ndiyo maana hata diski yenyewe haipumziki.

MamaSteshenari_Mbeya (siku 11 baadaye)

Wakuu, nimerudi na majibu kama nilivyoahidi moyoni.

Kunakili kulichukua siku mbili. Daftari la madeni na vielelezo vyote vya barua vimetoka salama. Faili 9 zimegoma kabisa, kati yake kuna picha mbili za marehemu mama yangu. Nilijaribu mara tatu. Jana usiku nikakumbuka moja niliwahi kumtumia mdogo wangu aliyeko Songea kwa WhatsApp, akanirudishia. Ya pili bado naitafuta.

SSD ya GB 256 niliagiza Kariakoo, ikaja na basi, 65,000 na nauli ya mzigo. RAM nimeipata hapahapa Mbeya kwa 15,000. Yule fundi wa mwanzo nilimwita mwenyewe, nikamwonyesha kile kibandiko cha njano na kumsomea maelezo ya hapa. Alinyamaza, akaomba nimtumie jina la programu ile, akaisakinisha kwenye flashi yake mbele yangu. Ndiye aliyenifungia SSD na kupiga Windows, nikampa 20,000 yake ileile.

Sijaigawa. Ni C moja, ndani nimefungua folda: Wateja, Barua, Madeni, Binafsi. Diski ya nje naichomeka kila Jumamosi jioni, nanakili, naichomoa, inalala nyumbani na si dukani. Ile ya zamani nimeiweka kwenye boksi, nimeandika juu kwa kalamu "MBOVU" ili kijana wangu asije akaiona na kuitumia.

Nimepima leo asubuhi kwa saa ileile ya simu, kutoka kitufe hadi Word: sekunde 41.

Fundi, nina swali moja la mwisho. Umeme hapa hukatika bila taarifa hata mara tatu kwa siku. SSD inaumia kama ile ya zamani, au ninunue kile kifaa cha kushikilia umeme kabla ya msimu kuanza?

FundiMkongwe

Nunua. Umeme ukikatika inapoandika, faili linaloandikwa linaweza kuharibika, na SSD za bei ya chini nyingi hazina akiba ya umeme ya kumalizia kazi. Kinachoshikilia dakika tano kinatosha kuhifadhi na kuzima. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi inapopasha moto, itakizima. Kompyuta na kioo tu.

Na ile picha ya pili, boksi uliloandika MBOVU usilitupe. Nipigie picha ya faili hizo 8 zilizobaki, majina na folda zilimokuwa, unitumie. Kuna programu ya Linux inayosoma diski mbovu taratibu, inaruka palipokufa kisha inaparudia mwishoni. Tutajaribu Jumapili, ukiwa na nafasi.